Mkono Uliolisha

Jumatatu ya tatu ya mwezi wa sita, saa moja kasoro robo asubuhi, Fotunata Luvanda aliingiza mikono chini ya taa ya lango kama alivyofanya kila siku ya kazi kwa miaka mitatu, na kucha zake zikawaka.

Hakuziona mara moja. Alikuwa anamuuliza msaidizi wake, Lwitiko, kama lori la mahindi kutoka bondeni limeshapimwa. Lwitiko alikuwa anatazama chini, kwenye kisanduku cha taa.

"Meneja," alisema taratibu. "Mikono."

Fotunata akatazama. Kucha zote kumi zilikuwa za zambarau, kama za mtu aliyechovya vidole vyote kwenye wino wa kupigia kura. Nyuma yake foleni ya wapakiaji na wasagaji ilikuwa inachungulia. Alitegemea angalau mmoja acheke, maana walikuwapo pale watu wenye kila sababu ya kucheka. Hakucheka mtu.

"Andika," akasema.

"Labda taa ina hitilafu, Meneja. Tuifute kioo kwanza."

"Kuna mwingine uliyewahi kumfutia kioo? Andika jina langu, Lwitiko. Andika na saa."

Lwitiko akaandika. Alishika kalamu kwa vidole vilivyokufa ganzi; Makambako mwezi wa sita baridi yake inajulikana. Hadi saa mbili wafanyakazi kumi na tisa walikuwa wamewaka. Wote walikaa mtaa mmoja na Fotunata, na wote Jumamosi walikuwa wamezika pamoja na kula pamoja, nyumbani kwa marehemu Enea Kilasi, fundi cherehani.

*

Ghala la Kanda lilikuwa linalisha watu elfu arobaini. Mvua zilikuwa zimekosekana mwaka wa nne mfululizo, maduka ya nafaka yalishafungwa, na kila nyumba iliishi kwa kadi: mfuko mmoja wa unga kila baada ya wiki mbili. Kampuni iliyoendesha ghala ilimwajiri Fotunata kuwa Meneja wa Kuzuia Upotevu wakati kati ya kila mifuko kumi, mmoja ulikuwa unapotea njiani kutoka kwenye kinu hadi dirisha la kugawia.

Alianza kazi kwa njia za zamani. Alipekua mabegi. Alipima malori yakiingia na kupima yakitoka. Aliwajua madereva wanaolowesha magunia ili uzito utimie, na wafagiaji wanaofagia unga mzuri pamoja na vumbi makusudi. Kwenye ripoti za waliomtangulia, kila kilichokosekana kiliandikwa kimeliwa na panya. Fotunata alikaa akapiga hesabu, akakuta panya hao wangekuwa na ukubwa wa mbuzi.

Kisha akaleta kitu walichokiita shahidi. Hakumvumbua yeye; shahidi alizalishwa maabara, chembe hai ndogo zisizoonekana, zikachanganywa na unga kinuni. Aliyempigania hadi akakubaliwa ni yeye. Mfuko ulifungwa kwa utepe wenye dawa ndani. Mwenye kadi akibonyeza dole gumba kwenye utepe, utepe unamtambua, taa ndogo ya kijani inawaka, dawa inamwagika ndani ya mfuko na kuua chembe zote. Unga unabaki unga. Lakini ukichotwa kinuni, au mfuko ukichanwa kwa kisu, shahidi anabaki hai. Hafi kwa kuchemshwa. Siku mbili baada ya kuliwa anatulia chini ya kucha, na hapo atawaka kila akimulikwa na taa ya lango, kwa siku ishirini na moja.

Kanuni ziliandikwa na Fotunata mwenyewe, mezani kwake, kwa siku mbili. Anayewaka anapewa siku tatu kujaza karatasi yenye mstari mmoja tu: *Mkono ulionilisha ni wa* fulani. Akimtaja, anasafishwa. Asipotaja, mkono ni wake. Mwenye mkono anafukuzwa kazi, jina lake linatangazwa langoni kwa kipaza sauti, na kadi yake inafungwa miezi sita. Mwaka wa kwanza upotevu ulishuka hadi mfuko mmoja katika mia mbili. Walimpa cheti, na mameneja wa maghala mengine wakaja kujifunza kwake.

Mchana ule Lwitiko aliingia ofisini na bahasha.

"Kumi na mmoja wameshajaza," alisema.

"Wamemtaja nani?"

"Mama Enoki."

Huyo ndiye mjane wa Enea Kilasi. Sufuria zilikuwa zake, uwanja ulikuwa wake. Lwitiko akaiweka bahasha mezani, na juu yake akaweka karatasi moja tupu.

"Hii ni ya kwako, Meneja. Samahani. Kanuni."

*

Alikwenda msibani jioni, jua likiwa bado lipo. Mama Enoki alikuwa amekaa kwenye mkeka na shemeji zake wawili. Alipomwona Fotunata alinyanyuka, akamshika mkono, akaugeuza, akatazama kucha. Ukweli ni kwamba bila ile taa hazikuonyesha kitu.

"Nimesikia," alisema, kisha akamsalimia kwa lugha ya kwao. "Kamwene, dada. Karibu ukae."

"Kamwene. Sikai sana. Nataka kujua unga wa Jumamosi ulitoka wapi."

"Wa kwangu uliishia Ijumaa usiku, kwa watu waliokesha. Wa Jumamosi ulikuwa wenu. Kila aliyekuja alikuja na chake, tukamimina kwenye beseni moja. Sasa mkono gani huo nitakaoujua? Mikono ilikuwa sitini." Akamwachia mkono. "Wananiandika mimi?"

"Kumi na mmoja."

Mama Enoki alitikisa kichwa polepole. "Walikula wakanishukuru. Mmoja alibeba na ukoko."

Shemeji mmoja akasema kwa hasira kwamba meneja angejitazama yeye kwanza, maana naye alileta. Mama Enoki akamnyamazisha, kisha akasema, "Lakini ni kweli ulileta. Tena wewe ndiye wa kwanza. Kulikuwa na sakitu nje, umande umeganda kwenye majani kama chumvi. Ulifungulia mfuko wako pale kwenye mafiga kabla moto haujashika, huku unapuliza vidole. Nikasema moyoni, huyu na umeneja wake ameamka kabla ya ndugu zangu."

Fotunata alikumbuka. Alikumbuka na taa ya kijani ilivyowaka kwenye utepe.

Nyumbani kwake mfuko ule ulikuwa bado upo jikoni, umebaki robo. Aliukata utepe kwa mkasi, akaupasua kwa urefu juu ya sahani. Dawa ilipaswa kuwa imeisha. Ilikuwamo yote, imeganda, nyeupe, kama mafuta ya nazi kwenye chupa asubuhi ya mwezi wa sita. Kila mtu Makambako anajua kwamba mafuta ya nazi huwezi kuyatumia mwezi wa sita mpaka uyasogeze motoni. Maabara ilikuwa pwani, kusikoganda mafuta.

Alikaa kwenye kigoda na ile sahani mapajani mpaka jikoni kukawa giza.

*

Jumanne kabla ya lango kufunguliwa, yeye na Lwitiko walichukua mifuko kumi ya kadi zao wenyewe na za ndugu wa Lwitiko waliokubali kuja. Mitano walifungulia chumba cha mitambo, penye joto. Mitano walifungulia uwanjani. Kila utepe uliwaka kijani. Kisha wakachota unga kidogo kutoka kila mfuko, wakauweka chini ya taa.

Ule wa chumba cha mitambo ulibaki mweupe. Ule wa uwanjani uliwaka zambarau, vijiko vyote vitano.

Lwitiko aliweka kijiko chini. "Kwa hiyo Jumamosi hakuiba mtu."

"Hakuiba mtu."

"Na mwaka jana?" Alipouliza hivyo sauti yake ilibadilika, kama mtu aliyeingia maji asiyojua kina chake. "Meneja, mwaka jana mwezi wa saba tulimtoa yule mama wa mizani. Alikuwa anapika uji wake nje, pale nyuma ya kituo cha malori. Anapika alfajiri."

Fotunata alishafungua rejista. Tangu shahidi aanze kazi, mikono iliyotajwa ilikuwa mia mbili na mmoja. Alianza kuhesabu waliotajwa mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Alihesabu mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuamini. Walikuwa mia na sitini na watatu.

Jambo hilo halikuwa geni kwake. Aliwahi kuliona mwenyewe, akaliandika kwenye ripoti ya mwaka wa pili, ukurasa wa tisa: *Wizi huongezeka msimu wa baridi kutokana na njaa.* Makao makuu waliipigia mstari sentensi ile. Walisema ni uchambuzi mzuri.

*

Mkurugenzi, Bwana Kapinga, alikuja Jumatano kwa gari. Alikuwa mtu mpole, anayemuuliza kila mlinzi habari za watoto. Alimsikiliza Fotunata hadi mwisho bila kumkatiza. Alitazama sahani yenye utepe uliopasuliwa. Aligusa ile dawa kwa ncha ya kalamu.

"Wahandisi walituandikia," alisema. "Msimu wa kwanza uleule."

Fotunata alidhani hakusikia vizuri. "Waliwaandikia nini?"

"Kwamba kwenye nyuzi chache za joto inaweza kusumbua. Inaweza, walisema. Dawa nyingine ingechukua mwaka na nusu kutengenezwa. Mama Luvanda, tungefanya nini mwaka na nusu? Turudi kwa panya?"

"Mngeniambia."

"Ungewasha taa?"

Kapinga akavuta kiti karibu, akakaa kama mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa.

"Nitakuambia ninavyoona mimi. Upotevu haukushuka kwa sababu taa inasema kweli. Ulishuka kwa sababu watu wanaiogopa. Leo ukisimama ukasema taa ni mwongo, sheria iko wazi, ghala linafungwa lichunguzwe. Siku tisini, si pungufu. Lile la kusini lilifungwa siku tisini, na ulisikia mwenyewe walizika wangapi. Hapa wanakula elfu arobaini. Nitajie utakayemwambia asile miezi mitatu ili mia na sitini wapate heshima yao."

"Na Mama Enoki?"

"Mama Enoki nani? Hakuna Mama Enoki." Akaichukua bahasha ya Lwitiko, akaichana mara mbili, bila haraka. "Msiba umefutwa. Kumi na tisa wote wamesafishwa, pamoja na wewe. Wiki ijayo mafundi wanaleta vipasha joto vya tepe. Itatangazwa kwamba mitambo imeboreshwa. Mwaka kesho baridi haitamchoma mtu. Kwako wewe nataka sahihi moja tu."

Karatasi ilikuwa fupi. Ilisema kwamba yaliyojulikana kazini yatabaki kazini.

Fotunata aliwaza watu wa foleni ya dirishani, waliokuwa wanapiga miguu chini pale nje ili wapate joto. Alimuwaza Mama Enoki kwenye mkeka wake. Alitafuta ndani ya maneno ya Kapinga mahali penye uongo, asipaone, na hilo ndilo lililomkasirisha kuliko yote. Akasaini. Kapinga alimshukuru, na akiwa anatoka alimuuliza mlinzi wa lango kama mtoto wake ameacha kukohoa.

*

Alijiambia kwamba sahihi ile ilimkataza kusema na watu. Haikumkataza kusema na mtu. Angekwenda nyumba kwa nyumba, mmoja mmoja, awaambie mia na sitini na watatu kwa sauti ya chini kwamba hawakuiba. Aliona kuwa ni kitu. Ijumaa alinakili majina kwenye daftari, na saa tisa alasiri akaanza na jina aliloshindwa kuliruka.

Lustika Mwalongo alikuwa mpakiaji, miaka ishirini na tatu, wa mwezi wa saba mwaka juzi. Alikaa peke yake kwenye chumba cha kupanga, akapika peke yake, akala peke yake, kwa hiyo hakuwa na mtu wa kumtaja. Siku zake tatu zilipoisha Fotunata alilisoma jina lake langoni. Mama yake, Bi Agripina, alikuwa mzee wa kanisa. Binti alipokwenda kwao na begi lake, alimkuta mama amesimama mlangoni. Mji mzima ulijua habari hiyo, na wengi walimsifu mama.

Bi Agripina alikuwa anachambua majani ya maboga kwenye ungo. Alimkaribisha Fotunata ndani, akampa kiti chenye mto.

"Meneja mwenyewe," alisema. "Kuna heri?"

Fotunata alikuwa amepanga maneno njiani. Yote yalimtoka akasema tu, "Mama, Lustika hakuiba."

Akaeleza. Alieleza dawa, baridi, taa ya kijani. Bi Agripina aliendelea kuvunja vikonyo vya majani na kuvuta nyuzi zake, mpaka maelezo yalipoisha.

"Hapana," alisema. "Aliungama."

"Aliungama?"

"Kanisani. Alisimama mbele ya watu akasema alichota unga kinuni akauficha kwenye kilemba. Alitaja mpaka kona ya stoo. Alisema alichota mara nne. Kwa hiyo, hiyo dawa yenu inaweza kuwa iliganda kwa wengine. Kwa Lustika haikuganda."

"Mama, pale kinuni huwezi kuchota kwa kilemba. Kila anayetoka anavua kilemba. Nilikuwa nawapekua mimi."

Mikono ya Bi Agripina ikasimama.

"Kwa nini mtu aseme alifanya kama hakufanya?" aliuliza, na aliuliza kwa ukali, kama anayemkemea mtoto. "Eh? Niambie wewe msomi. Mtu na akili zake, asimame mbele ya mchungaji, ataje na kona?"

Kisha mama akajibu mwenyewe, huku anatazama ungo.

"Nilimwambia hataingia humu mpaka aseme. Alilala kwa jirani siku nne. Siku ya tano akasema." Akavunja kikonyo kimoja. "Aliposema, nikamwambia sasa nimejua nimezaa mwizi. Ndipo akaondoka."

"Yuko wapi?"

"Tunduma. Anauza viatu vya mtumba. Namba ninayo, kaka yake alinipa. Sijawahi kupiga."

Alinyanyuka, akaingia chumbani, akarudi na simu imeviringwa kwenye leso. Alibonyeza, akaiweka mezani katikati yao, sauti ikiwa imefunguliwa. Iliita mara nyingi.

"Mama?" Sauti ilikuwa ya mtu aliye sokoni, kelele nyuma yake. "Mama, ni wewe? Nani amefariki?"

Bi Agripina akamsukumia Fotunata simu kwa vidole viwili.

"Shikamoo, Meneja," Lustika alisema baada ya Fotunata kujitaja. Kelele za soko zilipungua, kama vile amesogea pembeni. "Mimi nilishaungama. Mnataka niungame nini tena?"

"Lustika, nimepiga kukuambia kwamba hukuiba. Taa ilikosea."

"Najua sikuiba, Meneja. Nilikuwepo."

Bi Agripina alishika ukingo wa meza.

"Na watu mmeshawaambia?" Lustika aliuliza.

"Bado."

"Mtawaambia lini?"

Fotunata alitazama daftari lake, majina mia na sitini na watatu kwa mwandiko mzuri, na hakupata siku ya kutaja.

"Basi sijui umenipigia ya nini," Lustika alisema. Hakusema kwa hasira. Alisubiri kidogo, kama mtu mwenye adabu anayetoa nafasi, kisha akakata.

Ungo ulikuwa umeanguka chini na majani yote. Fotunata aliinama kuyaokota. "Acha," Bi Agripina akamwambia. "Acha hapo. Nenda nyumbani kwako."

*

Jumapili Fotunata hakwenda ibadani. Habari aliipata kwa Lwitiko, aliyekuja mbio mpaka kwake, suti mwilini, jasho usoni pamoja na baridi ile.

Wakati wa matangazo Bi Agripina alisimama, akapita mbele, akavua kitenge cha wazee wa kanisa na kukiweka juu ya meza. Akasema yeye ni mwongo na ni mama mbaya. Akasema binti yake alisema uongo pale pale, na uongo huo yeye ndiye aliyemlazimisha. Kisha akaeleza dawa na baridi, vizuri kuliko Fotunata alivyomweleza, na akasema mwenye shaka akamuulize meneja, majina anayo kwenye daftari.

"Wanakuja," Lwitiko alisema. "Mtendaji wa kata yuko nao. Meneja, unaweza kusema mama yule amechanganyikiwa. Mzee, binti kamtoroka, watu watakubali. Bwana Kapinga ameshanipigia, anasema hivyohivyo."

"Wewe unataka niseme nini?"

Lwitiko alitazama viatu vyake. Alikuwa na mke na watoto watatu, na kadi moja. "Nataka usiniulize," alisema.

Walifika kama watu mia, wakajaa uani mpaka barabarani. Mtendaji alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti kubwa. Hakuhutubia. Aliuliza tu, "Mama Luvanda, ni kweli?"

Aliwatazama. Mama Enoki alikuwepo, na khanga ya msiba. Alikuwepo na yule mama wa mizani. Wengine wengi alijua tu ukubwa wa kaya zao, kwa sababu ndivyo walivyoandikwa kwenye kadi. Alijua kila mmoja ana unga wa siku ngapi ndani.

"Ni kweli," alisema, akampa mtendaji daftari.

Kuna waliopiga vigelegele. Mama wa mizani alikaa chini palepale akalia, na watu wakamzunguka.

Jumatatu saa nne ghala likafungwa kwa minyororo.

*

Kapinga hakuwa amedanganya hata kwa hilo. Zilipita siku tisini, na zikaongezwa nyingine kumi na mbili. Serikali ilileta msaada wa uji, kikombe kimoja kwa kila mtu, uwanja wa mpira, asubuhi. Wiki ya tatu wakaanza kuzika watoto wachanga. Wiki ya sita walimzika mama wa mizani, ambaye jina lake lilikuwa limesafishwa na kubandikwa kwenye ubao wa kata pamoja na wenzake mia na sitini na wawili. Karatasi ile ilikuwa bado ipo ubaoni siku ya mazishi yake.

Fotunata alipoteza kazi siku ya kwanza. Alisimama foleni kama wengine. Wapo waliomwachia nafasi mbele yao kwa heshima, na wapo waliogeuza mgongo. Asubuhi moja mwanamume aliyefukuzwa kazi mwaka jana, ambaye naye jina lake lilikuwa ubaoni, alimwinulia kikombe chake kitupu.

"Nilipokuwa mwizi nilikula," alimwambia, watu wote wakisikia. "Sasa mimi mwaminifu. Tazama."

Fotunata alitazama, kwa sababu aliona hana haki ya kutazama pengine.

Nyuma ya mwanamume yule alikuwa Bi Agripina, amekonda, amejifunika blanketi. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ya simu. Foleni iliposogea wakajikuta bega kwa bega.

"Kamwene, mama," Fotunata alisema.

"Kamwene."

"Lustika atarudi?"

"Kurudi kula nini?" Bi Agripina alilivuta blanketi. Walipiga hatua mbili. Mbele yao mtu alikuwa anabishana na mgawaji kuhusu kikombe cha mgonjwa aliyeko nyumbani.

"Nampigia kila jioni," Bi Agripina akasema baadaye.

"Anapokea?"

"Anapokea. Hasemi kitu. Namsikia anapumua, na soko nyuma yake. Mimi naongea mpaka salio linaisha."

"Unamwambia nini?"

Bi Agripina alifikiri. Zamu yao ilikuwa imekaribia, na mvuke wa uji ulikuwa unawafikia usoni.

"Habari za huku," alisema. "Nani amezikwa. Jana nilimwambia baridi imepungua." Akanyoosha kikombe chake kwa mgawaji.